Diski Imekufa, au Kebo Tu Imelegea?

Jumatatu moja asubuhi, mama mwenye saiba huko Kondele aliniletea kompyuta ya mezani kwa bodaboda, imefungwa leso kama mtoto mgonjwa. "Fundi, hii imekufa," akasema kabla hata haijashushwa. "Kijana wangu aliweka diski mpya juzi. Tangu hapo ile ya zamani haionekani, na kazi zote za wateja ziko humo."

Nikamwambia, "Mama, keti kwanza, tuiulize yenyewe."

Tulipofungua kava, jibu lilikuwa pale. Kijana alipokuwa akisukuma diski mpya ndani, mkono wake uliivuta kebo ya ile ya zamani ikatoka nusu. Kwa macho ungesema imeshika. Niliisukuma kwa kidole gumba, tukawasha, na mafaili yote yakajitokeza. Mama alicheka, kisha akamgeukia kijana kwa jicho ambalo sitalieleza hapa.

Diski nyingi ninazoletewa hapa Kisumu zikiitwa maiti zina kasoro ya namna hiyo: kebo, umeme, au mpangilio wa ndani ya mashine. Na kati ya zile zilizokufa kweli, si chache zilimaliziwa na mtu aliyebonyeza jambo la haraka baada ya kuona tatizo dogo. Kwa hiyo hapa tutaanza kila mara na kile kisichogusa data, halafu ndio twende mbele.

Kabla ya kushika bisibisi

Zima kompyuta kwa njia yake, ukiwa umeshikilia kitufe cha Shift unapobofya "Shut down" kwenye Windows. Sababu ya Shift nitaisema mwishoni. Zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani ya pawa saplai uishe. Kama ndani kuna diski ya sahani, ipe nusu dakika itulie. Sahani zile huzunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kuipindua diski zikiwa bado zinazunguka ni kutafuta msiba.

Watu huniuliza kuhusu umeme tuli, ule wa kwenye nguo na zulia. Hewa ya hapa kando ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo hautusumbui sana, lakini ofisi yenye kiyoyozi na zulia ni habari nyingine. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa diski, na urudie kila unapoinuka na kurudi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mashine ambayo ukiigusa kava ikiwa imewashwa inakutekenya vidole. Huo ni umeme unaovuja kidogo kupitia kichujio cha pawa saplai, ambao ulitakiwa ushuke ardhini kwa waya wa athi. Ukitekenywa, jua athi haifanyi kazi: labda soketi haikuungwa, labda ekstensheni ni ya waya mbili tu japo mdomo wake una matundu matatu. Mashine ya hivyo inaweza kuunguza bandari ya USB siku utakapochomeka diski ya nje yenye umeme wake. Mwite fundi wa stima atazame soketi kabla hujaanza habari za diski.

Jambo la mwisho ni usafi. Jamaa wa upande wa Dunga alileta mashine iliyokaa karibu na dirisha lenye taa usiku. Nilipoifungua, wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamejaa kwenye feni na juu ya diski kama majani makavu ya chai. Tumia brashi laini. Usipulize kwa mdomo. Mate huingia penye pini.

Piga picha ya ndani kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Baadaye utaishukuru.

Dalili: umeweka diski, sasa kompyuta haiwaki hata kidogo

Feni inazunguka mara moja kisha kimya, au hakuna chochote. Mara nyingi hapo pawa saplai imeona shoti ikajifunga yenyewe. Chomoa plagi, toa waya wa umeme wa diski mpya tu, halafu jaribu kuwasha. Ikiwaka, tatizo liko kwenye diski hiyo au kwenye waya wake. Isipowaka, tafuta skrubu iliyodondoka chini ya bodi mama, na ubonyeze kadi za RAM upya, maana mkono unaoingiza diski hupita karibu nazo.

Kuna makosa mawili hapa yanayoua diski papo hapo. La kwanza ni ile plagi ya zamani ya Molex yenye pini nne. Imekatwa pembe ili iingie upande mmoja tu, lakini ikiwa imechakaa, mtu mwenye nguvu huiingiza kinyume. Waya wa njano hubeba volti 12, mwekundu volti 5. Vikibadilishana, bodi ya diski inaungua.

La pili nimelifanya mwenyewe, na bado linaniuma. Kuna pawa saplai ambazo nyaya zake huchomolewa pande zote mbili. Nilikosa waya mmoja, nikachukua wa pawa saplai nyingine. Uliingia vizuri kabisa, hata nikajisifu. Kumbe upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake anavyotaka, hata kama tundu linafanana. Nilipowasha nilisikia "tsk" ndogo, basi, na diski mbili za mteja zikaenda kwa pamoja. Nililipa. Usikubali kununua waya wa namna hiyo kwenye rundo la mitumba bila kujua ulitoka kwenye pawa saplai gani.

Dalili: mashine inawaka, lakini BIOS haiioni diski

Ingia kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi mama na inayoamka kabla ya Windows, mara tu unapowasha. Kompyuta nyingi za ofisi tunazopata hapa zimetumika ng'ambo kwanza: za Dell gonga F2, za HP F10, za Lenovo F1. Tazama orodha ya diski. Kama haimo, Windows haihusiki kabisa, kwa hiyo acha kupoteza muda kutafuta programu.

Kama ni diski ya sahani, zima, weka ncha za vidole ubavuni mwake, mtu mwingine awashe. Utahisi mtetemo mwepesi, kama simu inayoita ndani ya mto. Ukihisi mtetemo, umeme unafika, kwa hiyo shuku kebo ya data au tundu lake kwenye bodi mama. Usipohisi kitu, shuku umeme. Diski ya SSD haina kinachozunguka, hivyo jaribio hili haliisaidii. Badilisha nyaya moja moja.

Kebo ya data ya SATA, njia ya kawaida ya kuunganisha diski kwenye bodi mama, ina pini saba, ya umeme ina kumi na tano. Kwenye diski, pale kila moja inapoingia pana ulimi wa plastiki ulioumbwa kama herufi L ili usiingize kinyume. Ulimi huo ndio kidonda cha diski. Ni mwembamba, na mtu akichomoa kebo kwa kuivuta upande mmoja, unakatika na kubaki ndani ya kebo. Pini za diski hubaki zinaning'inia bila cha kuegemea. Nimeweza kuokoa data ya diski za hivyo kwa kuingiza kebo ikiwa na kipande chake ndani na kuishikilia isicheze hadi kunakili kuishe, lakini diski yenyewe haiaminiki tena.

Kwa hiyo shika kichwa cha kebo, si waya wake. Kama kina ulimi wa chuma juu, ubonyeze hadi chini, kisha vuta moja kwa moja kuelekea kwako. Kikigoma, ujue hujabonyeza vya kutosha, usitikise. Unapochomeka, kebo yenye kishikizo cha chuma hulia "kacha" kidogo. Isiyo na kishikizo hailii, na ndiyo ile iliyomsumbua mama wa Kondele. Bei hazitofautiani sana, nunua yenye kishikizo.

Ukishabadilisha kebo, badilisha na tundu. Kwenye mashine nyingi za Dell kuna ukurasa wa BIOS wenye visanduku vya kila tundu la SATA, na kisanduku kikiwa hakina alama, tundu hilo limefungwa. Mashine iliyotoka kwenye kampuni inaweza kuja na matundu yamefungwa hivyo, na mtu anabadilisha kebo tatu bure.

Diski za M.2, zile nyembamba kama kipande cha ubani, zina mtego wake. Umbo linafanana, kwa kawaida milimita 22 kwa 80, lakini nyingine huongea lugha ya SATA na nyingine NVMe. Tundu linaweza kukubali moja tu. Yenye mapengo mawili kwenye meno yake mara nyingi ni ya SATA, ya NVMe mara nyingi ina pengo moja. Hata hivyo soma kibandiko chake na kitabu cha bodi mama, usihukumu kwa pengo peke yake. Na kuna bodi ambazo ukijaza tundu la M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimika. Basi ukiona diski mpya imeonekana na ya zamani imetoweka, na kebo ni nzima, hamishia ya zamani kwenye tundu lingine.

Ingiza M.2 ikiwa imeinama kidogo, kisha ishushe na uifunge skrubu. Ile skrubu ndogo ikipotea, usitumie gundi. Nimeona.

Kisa kimoja cha nadra: diski kubwa iliyotolewa kwenye seva au kwenye kasha la nje haizunguki kabisa, ingawa kwenye kasha lake ilifanya kazi. Baadhi yake hutumia pini ya tatu ya umeme, ya volti 3.3, kama amri ya kuzimika, na pawa saplai za zamani huipeleka volti hiyo muda wote. Pawa saplai mpya, au kuiziba pini hiyo kwa utepe usiopitisha umeme na usioyeyuka kwa joto, humaliza mambo.

Dalili: BIOS inaiona, Windows haiioni

Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, chagua Disk Management. Sasa jiulize swali moja kabla ya kugusa kitu: diski hii ina data au ni mpya?

Kama ni mpya kutoka dukani, hali ni ya kawaida. Windows itaomba kui-"Initialize", yaani kuiandaa upya, na itauliza mpango wa kuigawa: chagua GPT. Mpango wa zamani wa MBR hauwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2, na ndiyo sababu mtu hununua diski ya terabaiti 4 akaona nusu yake tu. Kisha tengeneza eneo, lipe herufi, kama D:. Kwisha.

Kama ina data, na Windows inakuomba uifanyie "Initialize" au "Format", bonyeza "Cancel". Hata kama dirisha linarudi kila mara. Mhasibu wa shule moja ya upili aliletewa diski kutoka mashine iliyoungua. Akaichomeka, dirisha likatokea, na kwa sababu lilikuwa likisumbua akalikubali, akaendelea kukubali hadi likaacha. Rekodi za karo za miaka mitatu. Sehemu kubwa tuliipata baada ya siku nne za kukwangua, lakini majina ya mafaili yalikuwa yamegeuka namba tupu.

Mara nyingi chanzo ni chepesi. Diski ipo na eneo lake lipo ila halina herufi: bofya kulia uipe. Au imeandikwa "Offline": bofya kulia uiamshe. Au ilitoka kwenye kompyuta ya Linux au Mac, na Windows haisomi mfumo wake wa mafaili. Weka Linux kwenye fleshi, washa mashine kwa hiyo fleshi bila kusakinisha, uone kama mafaili yanafunguka.

Dalili: tangu ulipoweka diski, Windows yenyewe haiwaki

Ukiona maandishi ya kukosa diski ya kuwashia, mashine pengine inajaribu kuanza na diski mpya, ambayo ni tupu. Rudi BIOS, panga diski ya zamani iwe ya kwanza. Dakika moja.

Ukiona skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, angalia saa ya kompyuta kwenye BIOS. Ndiyo, saa. Mashine zilizokaa miaka mingi zina betri ya bodi iliyokwisha, ile ya duara iitwayo CR2032. Muda wote plagi ikiwa ukutani, mipangilio hukaa. Siku unapochomoa plagi ili uweke diski, kama nilivyokuagiza mwenyewe hapo juu, BIOS inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Njia ya kusoma diski inaruka kutoka AHCI kwenda RAID, au kinyume chake, na Windows iliyozoea njia moja inakataa kuanza. Mwenye mashine anailaumu diski mpya, anairudisha dukani, wanagombana. Saa ikisoma mwaka wa zamani, nunua betri mpya ya volti 3, rudisha njia ya kusoma diski kama ilivyokuwa, na Windows itawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku hizi nikiona mashine ya umri huo, hupiga picha kurasa za BIOS kwa simu kabla sijachomoa plagi.

Na kama inaomba nambari ndefu ya tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, imeshtuka kuona mabadiliko. Nambari hiyo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au kwa msimamizi wa ofisi. Itafute kabla ya kuanza kazi, kwa sababu bila hiyo hakuna fundi wa kukufungulia.

Dalili: diski inaonekana, kisha inatoweka katikati ya kazi

Pakua programu inayosoma afya ya diski; CrystalDiskInfo ni ya bure. Kwa diski ya SATA, nenda kwenye mstari wa C7, unaohesabu makosa ya mawasiliano. Andika namba, tumia mashine siku moja, angalia tena. Ikipanda, kwanza badilisha kebo. Mistari ya 05 na C5 ikipanda, uso wa diski unaharibika. Nakili data leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Kabla ya kufunga kava, nusa. Vile viunganishi vya bei rahisi vya kugeuza Molex kuwa SATA, ambavyo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya, huwa na nyaya zinazokaribiana ndani na huweza kuyeyuka hadi kushika moto. Nina kimoja kwenye droo: upande mmoja mweupe, upande mwingine kama mahindi ya kuchoma yaliyosahaulika jikoni. Kikihitajika, tafuta cha aina inayofungwa waya mmoja mmoja.

Dalili: diski inagonga tik, tik, tik

Zima. Kichwa cha kusomea kimeshindwa kupata njia, na kila dakika unayoiacha ikizunguka inaweza kukwaruza sahani. Kuiweka kwenye friji, kama wanavyoshauriana watu, huleta unyevu ndani. Ikiwa data ni ya thamani, mpelekee mwenye vifaa vya kuifungua. Ikiwa si ya thamani sana, jaribu mara moja tu kuinakili nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye Linux, na utafute mafaili kwenye nakala.

Kutoa diski, na lalamiko la "imefungwa"

Diski ya USB haitaki kutoka, Windows inasema inatumika? Funga dirisha la mafaili, funga Word, usitoe kwa nguvu. Ikiendelea kugoma, zima mashine ndipo uchomoe. Diski ya SATA ya ndani usiitoe mashine ikiwa imewashwa, hata kama umesikia inawezekana. Inawezekana pale tu ambapo tundu lake limeruhusiwa kwenye BIOS na umeme unafika kwa namna iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mashine nyingi za mezani hazijatengenezwa hivyo.

Sasa ile Shift. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili. Mfumo hujihifadhi nusu usingizini ili kesho uwake upesi. Ukiitoa diski hapo na kuiweka kwenye mashine ya Linux, itasomeka bila kuandikika au itakataa kabisa, na ukilazimisha kuandika unaharibu mafaili. Ukibonyeza Shift, Windows inazima kweli. Umeshaitoa tayari? Irudishe kwenye mashine yake, washa, zima upya kwa Shift.

Skrubu usizichanganye. Diski ya inchi 3.5 hutumia zenye meno mapana, ya inchi 2.5 hutumia M3 zenye meno ya karibu. Ikianza kukaza mapema, si yake. Kwenye Dell za ofisini diski mara nyingi hukaa kwenye kishikio cha plastiki cha buluu kisichohitaji skrubu; minya pande mbili uvute.

Diski ikishatoka, andika kwa kalamu ya maka ilitoka mashine gani, tarehe gani, tundu la ngapi. Itie kwenye ule mfuko wa kijivu unaong'aa iliokuja nao diski mpya, halafu kitambaa juu yake kama inapanda matatu kwenda Siaya. Mama wa Kondele alitaka kuifunga ya akiba kwa leso yake moja kwa moja. Tulimpa mfuko kwanza, leso ikaja juu.